Uyoga Sikulishwa, Nilikula Mwenyewe

Swali la kwanza utakaloulizwa ni dogo tu: ulikula nini? Ukiulizwa, jibu lote, hata kama jibu lenyewe litakuaibisha. Mimi nilijibu nusu. Nilisema, "Uyoga." Nikaulizwa wa wapi, nikasema, "Mama mkwe alituletea kutoka Kibakwe." Hiyo ilikuwa kweli kabisa. Ilikaribia kuniua, na kabla ya kuniua ilikaribia kuivunja nyumba yangu.

Naandika kwa sababu tangu nitoke hospitali wameshanijia watu watatu, kila mmoja na uyoga wake kwenye mfuko, wananiuliza: "Fundi, huu unaliwa?" Kama vile aliyegongwa na gari ndiye anayejua kutengeneza injini. Mimi sijui. Kama ningejua nisingelazwa. Ninachoweza kukueleza ni jinsi nilivyokosea, na jinsi siku zilivyopita baada ya hapo. Huenda ukaokoa ini lako, au mkwe wako.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Makole, barazani kwangu. Sipendi kutoka. Mke wangu Yustina ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali. Mtoto wetu Imani anasoma bweni. Yeye anatoka asubuhi na mkoba, mimi nabaki na cherehani, redio na sufuria. Ndiyo, mimi ndiye ninayepika. Majirani walinicheka mpaka wakachoka, sasa wananiomba chumvi. Nilizaliwa Chang'ombe, nikasoma mpaka kidato cha nne, na shamba nililijua zaidi kwenye michoro ya kitabu cha kilimo. Mama yake Yustina, ambaye ni mkulima huko Kibakwe na ana ulimi uliochongoka, huwaambia watu kwamba mkwe wake wa mjini hatofautishi mbuzi na kondoo mpaka mmoja alie.

Ni yeye aliyenifundisha uyoga. Mwaka juzi, mvua zilipoanza, tulikwenda kumsalimia, akatuchukua mimi na Yustina hadi nyuma ya shamba lake. Akasimama mbele ya kichuguu, uyoga umejipanga juu yake, akasema, "Wa kichuguu ndio wetu. Mwingine wote achana nao, hata ukikuita kwa jina." Nikaishika sentensi hiyo nikarudi nayo mjini. Aliendelea kusema mambo mengine akiwa ameinama, mikono imezama kwenye udongo, lakini wakati huo mimi nilikuwa nang'oa mbigili kwenye suruali yangu. Nilikuwa nimevaa suruali nzuri.

Mwaka huu, mvua ziliponyesha wiki nzima, alitutumia kikapu cha uyoga kwa basi. Hakikujaa. Yustina akakiinua, akakipima kwa mkono, akanitazama.

"Mama kazeeka, bado anachuma. Wewe wa kwako utachuma lini, Baba Imani?"

"Makole hakuna vichuguu."

"Makole kuna vyote. Hujatoka tu."

Siku ya pili, Jumamosi, nilikuwa napeleka sare za shule kwa mteja. Nikakatiza kwenye bustani ya mapumziko, zile bustani zenye benchi za zege na wapiga picha wa maharusi. Kwenye kona, nyuma ya mwarobaini, niliona kichuguu. Juu yake na pembeni yake kulikuwa na uyoga mweupe, mpana, laini, safi kama sahani za wageni. Nilisimama hapo nikajisikia mtu wa maana. Kwenye mfuko wangu sikuwa na kisu wala jembe. Nilikuwa na mkasi.

Nikakata. Mmoja mmoja, pale pale shina linapotokea kwenye udongo, mkato ulionyooka, kama ninapunguza pindo la sketi. Mpiga picha mmoja akanisogelea.

"Mzee, huo unaliwa?"

"Ni wa kichuguu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa shambani.

Nyumbani nilifanya na uchunguzi, usinidharau sana. Nilishasikia mahali kwamba ukitia kitunguu saumu kwenye sufuria kikabaki cheupe, uyoga ni salama. Kikabaki cheupe. Sasa najua kwamba kitunguu kile kilikuwa hakijui kitu, tulikuwa wajinga wawili kwenye moto mmoja. Nikachanganya uyoga wangu na wa mama, nikaunga kwa karanga na nyanya. Ulionisalia mbichi, wa kwangu na wa kwake, nikautia kwenye bakuli moja, nikaliweka kwenye friji.

Yustina alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akiwa ameshashiba. Alimega tonge moja tu, akachovya, akafumba macho, akampigia mama yake palepale. "Mama, uyoga wako mtamu kweli." Mimi nimekaa pembeni natabasamu. Mpango wangu ulikuwa amalize kusifia ndipo niseme: unaousifia ni wangu. Lakini salio liliisha, akaanza kuongea habari za mwalimu wa kwaya, na mimi nilikuwa na sahani mbili za kumaliza. Nikasema nitamtania asubuhi.

Asubuhi haikuwa ya utani. Kabla hakujapambazuka tumbo lilishanigeuza kama shati linalogeuzwa nje ndani. Sitakueleza yote. Itoshe kwamba nilifika mahali sikujua nikalie nini na niinamie nini. Yustina naye lile tonge lake lilimkimbiza mara mbili, akapona.

Kwenye zahanati tulikaa kwenye benchi ya mbao iliyolegea upande mmoja, ukimsogelea mwenzako wote mnateleza. Hapo ndipo nilipoulizwa lile swali na kujibu ile nusu. Tena nikaongeza, "Tumeuzoea, tunakula kila mwaka." Niamini, siku ile sikuficha kwa makusudi. Kichwani kwangu uyoga wangu ulikuwa mzuri kuliko wa mama, mweupe, hauna hata doa. Mshitakiwa wangu mimi alikuwa nyanya. Baadaye nikashuku maji. Uyoga wa mama nao niliushuku kidogo, maana ulisafiri kwenye basi. Vyote nilivishuku isipokuwa mkasi wangu.

Dripu ya kwanza Jumapili, mbili Jumatatu. Jumanne nikaamka mzima.

Hii Jumanne ndiyo inayonitisha nikiikumbuka, kuliko siku zote mbaya. Tumbo lilitulia. Nilikunywa uji, nikashona kola mbili. Jirani yetu alinipa glasi ya maziwa ya kuondoa sumu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshapata nafuu, maziwa yakachukua sifa zote. Nilikuwa naimba. Kama na wewe umekula uyoga, ukaharisha, ukatapika, kisha siku ya tatu ukajisikia vizuri, usiimbe. Rudi hospitali na nafuu yako hiyohiyo.

Alhamisi Yustina alikuwa anafunga viatu aende kazini, akaniangalia, akaacha kufunga.

"Hebu nitazame."

Nikamtazama.

"Sogea mlangoni kwenye mwanga." Akanishika kidevu. "Mbona macho yako kama kiini cha yai?"

Nikacheka, nikaenda chooni, nikaacha kucheka. Mkojo ulikuwa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.

Kwenye hospitali kubwa tulisubiri tangu saa mbili mpaka saa saba. Nimeijua benchi ile kuliko ninavyojua sebule yangu. Mtu wa ndani kama mimi akitolewa nyumbani hutafuta kona, na nilipata kona yangu kati ya ukuta na mwanamke aliyebeba chupa ya chai. Hakuniuliza naumwa nini. Alinitazama macho, akamimina kifuniko kimoja, akanipa. Nilishindwa kuinywa, harufu yake ilinigeuza, lakini niliishika kwa mikono miwili kwa sababu nilikuwa natetemeka na kile kifuniko kilikuwa cha moto. Kama yupo na anasoma hapa, kifuniko alikichukua Yustina kwa bahati mbaya, tunacho.

Daktari alisema ini limeumia. Alitaja na majina mengine marefu, nikayaacha yapite. Nikalazwa. Hapo muda ukaacha kuwa Jumatatu na Jumanne, ukawa dripu hii na dripu ile, damu ya kupima asubuhi, damu ya kupima jioni, na mvua dirishani.

Siku ya pili wodini akaja dada yangu Rehema kutoka Chang'ombe. Ndiye mkubwa wangu, alinilea tulipofiwa na mama, na hajawahi kuamini kwamba najua kujifuta pua. Alisimama miguuni mwa kitanda, akanitazama ule unjano, machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia Yustina.

"Alikula nini?"

"Uyoga, wifi."

"Wa nani?"

"Wa mama. Alituma kutoka Kibakwe."

Dada akavuta kanga yake begani. "Basi mdogo wangu hakula," akasema polepole. "Kalishwa."

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa kidato cha pili alitusumbua mwaka mzima na minyambuliko ya vitenzi, na sisi tukimwuliza itatusaidia nini maishani. Mwalimu, nimejua. Kula, lisha, lishwa. Mtoto analishwa, kuku analishwa, mgonjwa analishwa, hakuna anayekasirika. Lakini mtu mzima na ndevu zake akishasemwa kalishwa, huko hakuna chakula tena, kuna mkono wa mtu. Herufi chache tu zilizobandikwa mwishoni, na mama mkwe wangu akawa mchawi.

Neno likatoka wodini kabla dada hajatoka. Jioni yake Chang'ombe nzima ilikuwa inajua. Yustina aliacha kuongea. Alikuwa anakuja, ananifuta, ananibadilisha shuka, anapinda nguo chafu, bila neno. Mimi nilidhani amechoka.

Hapa katikati siwezi kukusimulia vizuri kwa sababu sikuwepo vizuri. Ini likishindwa, kichwa nacho kinaharibika, ndivyo nilivyoelezwa baadaye. Nilikuwa nalala mchana, macho wazi. Nilimwita nesi kwa jina la mteja wangu anayechelewa kufuata nguo. Mikono ilikuwa inapiga yenyewe, kama mtu anayefukuza kuku. Niliona dari la wodi limejaa uyoga, nikiupunguza unaota tena. Sikuweza kujua lipi nimeota na lipi nilifanya. Je, kweli nilikwenda bustanini? Mimi, ambaye sokoni penyewe naenda kwa kusukumwa? Ile kona, ule mwarobaini, yule mpiga picha, vilikuwa vinakuja na kuondoka kama redio yenye betri mbovu.

Kilichobaki kichwani kilikuwa kitu kimoja, nikawa nakisema.

"Mkasi."

"Anasema nini?" dada akauliza.

"Mkasi," nikasema. "Nilikata kwa mkasi."

Mimi kwa akili yangu nilikuwa naungama. Wao wakaelewa nawaza kazi zangu. Yustina, kwa huruma, akauleta mkasi kutoka nyumbani ili moyo wangu utulie, nesi akauchukua mlangoni na kuuliza kama tuna akili. Dada Rehema yeye akaelewa kivyake. Alichukua suruali niliyokuja nayo hospitali, akaikagua mshono hadi mshono, na kwenye pindo la mguu wa kushoto akakuta kipande kimekatwa.

"Unaona?" akamwambia Yustina. "Kakatwa nguo. Ndicho anachokisema siku zote. Mama yako alikata kipande akaenda nacho."

Pindo lile nilikata mwenyewe mwaka jana, nikapata kiraka cha mto. Lakini nani angelisema? Mwenye mkasi alikuwa anafukuza kuku.

Mama mkwe alifika siku hiyo au iliyofuata, sina uhakika. Nina uhakika na siku nilipomwona. Kichwa kilikuwa kimeanza kurudi, kidogo kidogo, kama mtu anayerudi nyumbani kwa kuchungulia. Nesi mmoja, mwanamke mwenye haraka aliyeniita Fundi, alikuwa na desturi ya kusema kila asubuhi, "Fundi, jicho," nami namfunulia kope. Siku hiyo akasema, "Leo ni kiini cha yai la kisasa," maana mayai ya kisasa viini vyake vimepauka, na hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza.

Niligeuka dirishani. Kwenye benchi ya nje, chini ya upenu, mama mkwe amekaa na chupa ya uji mapajani, kanga kichwani, mgongo wima. Kwetu sisi mkwe haingii tu anapolala mkwewe akiwa hana nguvu ya kujistiri, kwa hiyo kukaa kwake nje kulikuwa heshima. Lakini ile chupa ya uji ilikuwa imejaa.

"Mbona hajaniletea?" nikamuuliza Yustina.

Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza lenye akili baada ya siku nyingi. Yustina alikaa kitandani, akaongea kwa sauti ndogo, na ndipo nikajua alikuwa hajachoka.

"Dada yako amekataza. Kila asubuhi mama anapika uji, kila asubuhi unarudishwa. Na huko Kibakwe wameshasikia, wajomba wamempigia wanauliza amefanya nini. Baba Imani, ukipona, tutayamaliza. Usipopona, mama yangu hana pa kurudi. Na mimi sitaweza kukaa na watu wanaomwita hivyo."

Sasa sikia nilichofanya. Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa na akili zangu, kona na mwarobaini na mpiga picha vilikuwa vimeshakaa kila kimoja mahali pake. Nikanyamaza. Nilijiambia labda bado naota. Nilijiambia huenda uyoga wa mama ndio kweli ulikuwa mbaya, ulisafiri kwenye basi. Nilijiambia nitasema nikipata nguvu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mtu alazwe wiki mbili, ndugu wasilale, kisha aseme: nilichuma mwenyewe, kwa mkasi, bustanini, ili nimringie mke wangu. Nilinyamaza siku mbili nzima, na mama yule alirudisha uji wake mara mbili zaidi. Ugonjwa ulinipa maumivu mengi, ila yanayoniuma mpaka leo ni ya siku mbili hizo ambazo sikuumwa.

Siku ya tatu daktari aliingia kwenye raundi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Dada yuko upande huu, Yustina upande ule. Akakifungua juu ya meza yangu.

Lilikuwa bakuli la kwenye friji. Mama mkwe, alipolala kwangu Makole, alikuwa amefungua friji kutafuta mboga. Alichokiona hakumwambia mtu, hata mwanawe. Alimsubiri daktari koridoni, akampa, akamwambia tu, "Huu ulikuwa ndani ya nyumba. Mwulize mgonjwa."

Uyoga ulikuwa umesinyaa na kuota weusi, lakini hata mimi niliona. Mmoja una mkia mrefu kama mzizi wa muhogo mwembamba, udongo bado umeshika. Mwingine umekatwa chini, mkato mmoja, umenyooka. Pindo la sketi.

"Huu wenye mzizi ni wa nani?" daktari akauliza.

"Wa mama," nikasema.

"Na huu uliokatwa?"

Dada alishaanza kufungua mdomo kunijibia, kama alivyonijibia maisha yangu yote.

"Wangu," nikasema. "Nilikata bustanini. Peke yangu, kwa mkasi wangu. Nikachanganya. Mama hajui, Yustina hajui. Sikulishwa na mtu, dada. Nilikula mwenyewe."

Dada alibaki na mdomo vilevile. Daktari akaniuliza nimejuaje unaliwa, nikamwambia ulikuwa juu ya kichuguu. Akaandika, sijui aliandika nini, nisingependa kukisoma. Yustina alisimama akatoka nje. Nikamwona dirishani amekaa karibu na mama yake, wamegusana mabega. Nikadhani ameondoka kwangu.

Mchana ule, na haya niliyasikia baadaye, mama mkwe alimwambia, "Nipeleke nikakione hicho kichuguu cha mkwe wangu." Wakaenda bustanini na jembe dogo la mlinzi wa bustani. Mama alikitazama mara moja tu. Mafundi wa mabomba walikuwa wamechimba mtaro hapo, udongo uliobaki wakaulundika kwenye kona, mvua ikaupiga ukawa mgumu na mviringo. Mchwa hata mmoja hayumo. Uyoga mwingine ulikuwa umeota upya. Akauchimba, asiuguse kwa mkasi, akaja nao hadi mlangoni mwa wodi, akasimama kwa heshima, uso kaugeuzia pembeni, akaunyoosha ndani kwa mkono mmoja.

"Baba Imani, umeamkaje?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Angalia chini yake."

Chini yake hapakuwa na mzizi. Shina lilikuwa limekaa ndani ya kifuko cheupe, kama yai lililopasuka, na kifuko chote kilikuwa kimejificha udongoni.

"Wetu unashuka mpaka kwa mchwa," akasema. "Ndiyo maana tunachimba. Nilikwambia siku ile."

"Siku ile nilikuwa na mbigili, mama."

"Ukakata mahali penyewe palipoandikwa jina." Akaongeza, uso bado pembeni: "Hao wa sare zako, huwa unawakata hivyohivyo?"

Yustina, nyuma yake, alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akawa analia. Jioni hiyo nilikunywa uji wa mama mkwe, vijiko vinne, nikavitapika vyote. Wa siku iliyofuata ulikaa.

Nilitoka hospitali mvua zikiwa zinapungua. Nilijipima kwa futi yangu mwenyewe: kiuno kimetoka inchi thelathini na sita hadi thelathini. Ngozi iliwasha wiki nyingi, nilikuwa najikuna kwa rula ya mbao. Harufu ya kitunguu ikikaangwa ilinikimbiza barazani, na mpishi asiyevumilia kitunguu hana kazi, kwa hiyo Yustina akaanza kupika. Anapika vibaya. Nilikula vyote. Kila wiki mbili nilirudi kupimwa damu, kwenye benchi ileile, na nilipowaona wapya wenye macho ya njano niliwasogelea nikawauliza polepole: ulikula nini, wa wapi, nani alichuma, umebaki nyumbani? Kama umebaki, tuma mtu auchukue, hata kama umeoza. Usiutupe kwa aibu.

Mlinzi wa bustani ameung'oa wote na kutawanya lile lundo. Hata hivyo nikipita huwa nachungulia. Mpiga picha yule bado yupo. Aliniuliza, "Mzee, ulikuwa mtamu?" Nikamwambia ulikuwa mtamu sana, na hapo ndipo pa kuogopa.

Dada Rehema hakuomba radhi. Si mtu wa maneno hayo. Alipona kwa kununa. Lakini walipoanza kuvuna Kibakwe, niliposema nakwenda kumwomba mama mkwe msamaha mbele ya wajomba waliompigia simu, dada alisema, "Huwezi kusafiri peke yako na kiuno hicho," akafunga mzigo wake. Nilikuwa nimemshonea mama gauni la kitenge, mishono miwili kila mahali, imara. Nikasimama mbele ya wajomba nikasema yote, kuanzia mbigili hadi mkasi. Walicheka kuliko nilivyotarajia, na mmoja aliniomba nirudie pale kwenye kitunguu saumu.

Kisha chakula kikaletwa. Kwa desturi mama hakai kula nasi. Aliweka ugali na bakuli lililofunikwa, akarudi akakaa karibu na mlango, ametazama nje.

"Karibuni," akasema. "Baba Imani, leo nakulisha."

Akafunua. Uyoga wa kukausha, ule wa mvua zilizopita, kwa karanga. Mikia yake mirefu imebaki, hakuukata hata mmoja. Nikauangalia tu bila kunyoosha mkono, na kila mtu pale ndani akaniangalia mimi.

Dada Rehema akanawa, akavuta bakuli upande wake. Akamega tonge kubwa, akachota uyoga, akatafuna polepole, akameza. Akamega la pili.

"Mama," akasema, bila kumtazama, "unga wenu huku ni mtamu."

Mama hakugeuka. "Kula basi, mkwe wangu," akasema. "Au mpaka ukate kwanza?"

Nikala.